Kapita wa Maji ya Kampuni

Sote pale kampi tulimwita Papa Kapita, na mimi sitamwita vingine. Jina la ubatizo analo, lilisomwa kanisani siku ya arusi yake, lakini sidhani kama kuna aliyelitumia tena baada ya siku hiyo. Alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa maji wakati Kampuni ilipokuwa ikichimba kasiteriti, madini ya bati, kwenye milima yetu, njiani kati ya Nyabiondo na Kashebere. Kampuni ilipoondoka, yeye aliendelea na kazi. Hapakuwa na mtu wa kumlipa wala wafanyakazi wa kuwaamrisha, na bado kila asubuhi alipita mbele ya mlango wetu na jembe begani, kofia ngumu ya Kampuni kichwani, akienda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa mfereji. Lazima niueleze, maana bila mfereji huo sina la kusimulia. Ulianzia kwenye kijito juu msituni, ukafuata ubavu wa mlima, ukapita nyuma ya mstari wa juu wa nyumba za matofali, karibu kiasi kwamba ukiwa jikoni unausikia, kisha ukaenda hadi laveri, jengo kubwa la mabati ambamo ule mchanga mweusi mzito wa kasiteriti ulikuwa ukioshwa. Kutoka laveri maji yalianguka mtoni. Enzi za Kampuni wanawake hawakuwa na haja na mfereji, kwa sababu mashine ilipandisha maji ya mto mpaka kwenye bomba za kampi. Kampuni ilipoondoka, mashine ilinyamaza. Tangu hapo mama zetu walishuka mtoni na bidoni, madumu ya plastiki, njia ya udongo mwekundu, mteremko wa kuvunja magoti, huku maji safi yakipita nyuma ya majiko yao kwenda kuosha mchanga ambao haukuwepo. Kama hilo limekuudhi, ujue mimi liliniudhi utoto wangu wote.

Sasa utauliza, watu wazima wenye akili walikubalije? Hapo ndipo penye ugonjwa wa kampi yetu. Kampuni haikusema inaondoka. Mkurugenzi wa mwisho aliwakusanya wafanyakazi mbele ya ofisi akawaambia kwamba Kampuni inakwenda konje, yaani likizo, mpaka bei ya kasiteriti huko Ulaya ipande. Watu wakaitika. Kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakienda konje kila mwaka, wakapumzika kwao Nyamitaba ama Nyabiondo, wakapalilia maharagwe, wakarudi. Hawakujua konje isiyo na mwisho. Hadi leo wazee wa kwetu wanagawa maisha yao mbele ya konje, yaani kabla yake, na nyuma ya konje, baada yake. Mama yangu akitaka kueleza kwa nini kaka yangu ni mrefu kuliko mimi, husema yeye alizaliwa mbele ya konje, alikunywa maziwa ya kopo ya Kampuni.

Kwingine nimesikia kwamba kampuni ikifunga, wiki hiyo hiyo mabati yanashuka, milango inang'oka, vitanda vinapata kwao kupya. Sisi tulifagia. Meza ya bilyadi pale kwenye klabu ilifunikwa shuka nyeupe, na shuka ikafuliwa, mpaka mchwa walipoila meza ikaanguka ndani ya shuka yake. Wanawake walipiga sakafu ya ofisi dawa ya kung'arisha kila Jumamosi kwa muda mrefu, ofisi isiyo na mtu. Ninacheka nikisimulia haya, watu wa Goma wanacheka nami, lakini moyoni linanichoma. Tulikuwa watu wa mikono mizuri na tuliitumia kungoja.

Papa Kapita alingoja kuliko wote. Siku ile ya konje, mkurugenzi alimpeleka kwenye vani, lile lango la chuma lililokuwa kwenye mfereji mwanzoni mwa mstari wetu wa nyumba. Ukilifungua, maji yanaacha njia ya laveri na kuingia kwenye mtaro unaoshuka katikati ya kampi. Mkurugenzi alifungua parafujo, akatoa usukani wa vani, akampa mkononi. "Unichungie mayi mpaka nirudie." Maneno hayo tuliyajua kwa moyo, sisi watoto, pamoja na sauti ya puani aliyoyasemea, kwa kuwa Papa Kapita aliiga sauti hiyo kwenye kila arusi baada ya chupa ya pili ya kasiksi, pombe ya ndizi. Usukani aliuweka chini ya kitanda, ndani ya gunia, na kila mwezi aliutoa juani na kuupaka mawese. Vani yenyewe pia aliipaka. Mke wake alisema mawese ya nyumba ile yalikwenda nusu kwenye maharagwe na nusu kwenye chuma.

Usinielewe vibaya, hakuwa mtu wa roho mbaya. Ndicho kilichotuchosha. Mtu mbaya unamchukia, unalala usingizi wako. Siku moja ya mvua mama alikuwa na mdogo wangu mchanga mgongoni, hajamaliza hata juma tangu ajifungue, na ndani hakuna tone. Akachota ndoo moja mferejini. Kabla hajainyanyua, Papa Kapita akatokea na kofia yake. Alisalimia vizuri, akafunua kitenge kidogo kuangalia uso wa mtoto.

"Mama, mutoto analala muzuri?"

"Analala, Papa."

"Mungu asifiwe. Lete ndoo."

Mama alidhani anataka kumtwisha. Papa Kapita aliichukua ndoo akaimwaga yote mferejini, taratibu, asipoteze hata kidogo.

"Ile mayi haiko yangu, mama," alisema. "Ingekuwa yangu, ningekuletea mpaka ndani ya nyumba. Nikikupa wewe ndoo, kesho mwenzako ataleta bidoni, kisha batakata mufereji bapeleke mu mashamba. Kampuni ikirudia itakuta nini?"

Kisha akaenda kwake, akarudi na kikapu cha maharagwe mapya na mkungu wa ndizi tamu, zawadi ya uzazi. Mama hakujua amtukane ama amshukuru. Alifanya yote mawili, moja mbele yake na jingine alipogeuka.

Wakati watu wa upande wa Nyamitaba walipokimbia makwao na kufika kwetu na magodoro vichwani, ghala la Kampuni lilikuwa tupu, kubwa, lenye mabati mazima. Papa Kapita alikataa kulifungua. Akawaita familia tatu, wale wenye watoto wadogo, akawapa nyumba yake, chumba na sebule, na yeye na mke wake wakahamia jikoni kwenye moshi. Walikaa huko tangu mahindi yalipopandwa hadi yalipovunwa. Mchungaji alimwendea kuzungumza naye juu ya ghala, akajibiwa, "Nyumba yangu naweza kutoa. Ile haiko yangu." Mchungaji alikohoa, akaomba sala fupi, akaenda zake.

Mfereji aliujua kama mtu anavyojua mdomo wake mwenyewe. Kila jiwe, kila mzizi, kila mahali kaa walipochimba tundu la kuvujisha maji. Aliugombeza kwa sauti. "Weye, jana nilikuziba, leo umefunguka tena?" Masika mlima ukiporomoka na kuufukia, alipotea huko juu siku nzima nzima, akarudi na udongo hadi kwenye nyusi. Wanaume wa kwaya, ambamo yeye alikuwa sauti ya chini, walimfuata wakati mwingine kumsaidia kuchimba, kwa haya tu, kwa vile ilikuwa vigumu kukaa kivulini huku mzee anahangaika. Viatu vyake vya mpira vilishonwa kwa vipande vya tairi mpaka vikawa viraka bila kiatu. Alipofika laveri alisimama, akaangalia maji yakipita kwenye masanduku matupu ya kuoshea, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Nilimwona hivyo mara nyingi. Nilikuwa natamani kulia na sikujua ni kwa ajili yake ama kwa ajili yetu.

Baadaye vijana walianza kuchimba kwa mikono, makreseri, na wanunuzi wakaja na pikipiki kutoka Kashebere. Papa Kapita aliwadharau. "Banachimba kama kuku," alisema. Walimwomba maji ya mfereji ya kuoshea mchanga wao, akakataa, kwa hiyo waliosha mtoni. Mto ukawa rangi ya matofali. Tangu hapo wanawake hawakuishia tena mtoni, walivuka na kwenda hadi kwenye chemchemi ya chini ya jabali, njia ikawa ndefu zaidi ya ile ya zamani. Hilo nalo halikumtikisa. Alisema Kampuni ikirudia itasafisha mto.

Nimesema ana mke. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ulimi, na tulimwita Mama Kapita. Yeye naye alishuka na bidoni kama wengine, ile bidoni ya njano iliyoyeyuka kidogo shingoni kwa sababu iliwahi kusogea karibu na moto. Nilipokuwa msichana nilishuka naye karibu kila siku, maana majiko yetu yalitazamana na mama alikuwa na watoto wadogo. Kuna jiwe moja bapa kwenye mteremko, kando ya mti wa msufi. Hapo alipumzika, kushuka na kupanda. Bidoni aliiweka kushoto, yeye akakaa kulia, akafungua pindo la kitenge na kutoa muhogo wa kuchoma, akanimegea.

"Mimi niliolewa mu nyumba ya bibi mbili," aliniambia. "Mufereji njo bibi ya kwanza. Mimi nilikuja nyuma, na sina watoto wa chuma chini ya kitanda."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha akaupapasa mguu.

Masika moja aliteleza. Bidoni ilikuwa imejaa, ilimvuta, akaangukia nyonga. Wanaume walimpandisha kwa machela ya miti na kumpeleka hadi hospitali ya Nyabiondo, akarudi anatembea kwa fimbo, upande mmoja umeshuka. Asubuhi moja baada ya hapo nilikuwa napeta maharagwe mlangoni nikamwona Papa Kapita anakuja kutoka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Maji ya mfereji. Sikuamini macho yangu. Aliiweka mbele ya jiko la mke wake, akavua kofia.

"Utachota hapa nyuma," alisema. "Mimi nimekubali. Usishuke tena."

"Umekubalia nani?"

"Weye. Weye ni bibi yangu."

"Na hawa benzangu?"

Papa Kapita aliangalia ndoo. "Ile haiwezekane."

"Basi na kwangu haiwezekane. Nichote hapa, bao bapite na bidoni bananiangalia? Nitabasalimia namna gani?" Alisogeza ndoo kwa fimbo yake. "Rudisha ile mayi kwenye uliitosha, Papa. Kampuni isije kuikosa."

Aliirudisha. Nilimwona akiinama mferejini na kuimwaga, taratibu vilevile. Siku hiyo niliwakasirikia wote wawili, huyu kwa kichwa chake kigumu na yule kwa chake. Papa Kapita alikuwa amefika mahali ambapo neno moja tu lilibaki, la kuwaruhusu wote, na hakulisema. Mama Kapita aliendelea kushuka, pole pole, na fimbo mkono mmoja, na bidoni sasa akiijaza nusu.

Mimi niliolewa Goma. Habari za kwetu nilizipata kwa simu, mtandao ukipatikana, na kwa watu wa pikipiki. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba Mama Kapita amefariki. Si njia ya chemchemi iliyomuua. Ilikuwa homa, ilimchukua haraka. Barabara ilikuwa imefungwa wakati huo, kwa hiyo sikumzika, na bado ninaumia kwamba sikumzika. Yaliyotokea kwenye matanga nilisimuliwa na mama.

Watu walikuwa wengi na mvua ilinyesha. Wanawake waliokuja kupikia waombolezaji walihitaji maji, maji mengi, na bidoni zilikuwa chache. Mmoja akaingia jikoni kwa marehemu, akatoka na ile ya njano. Wakapanga mstari, wakaanza kushuka kwenye utelezi, na bidoni ya marehemu kichwani kwa mtu mwingine. Papa Kapita alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume. Aliwaangalia mpaka wa mwisho alipopotea chini. Kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka na gunia.

"Tulizani anaenda kuitupa," mama alinisimulia. "Tulizani akili imetoka."

Alikwenda kwenye vani, akavika usukani mahali pake, akazungusha. Haukukwama hata kidogo. Miaka yote ile ya mawese, lango lilifunguka bila kulia, na maji yakaingia kwenye mtaro, yakashuka katikati ya kampi, yakapita mbele ya jiko la Mama Kapita. Hakuna aliyethubutu kuchota. Wanawake waliokuwa wamebaki walisimama na sufuria tupu, wakimwangalia.

"Choteni," alisema. "Choteni, bamama. Mbona munaniangalia?"

Mama anasema walilia pale kwenye mtaro kuliko walivyolia kwenye jeneza.

Na mfereji haukufa. Hilo ndilo ninalolifikiria nikiwa peke yangu. Hakuna aliyeukata kupeleka mashambani, hakuna aliyegombana. Walichagua Jumamosi moja ya salongo, kazi ya pamoja, kila mwezi, wanaume wanapanda kusafisha, wanawake wanafagia mtaro, na wale makreseri vijana, waliochimba kama kuku, ndio waliojenga upya sehemu iliyokuwa inaporomoka kila masika, kwa mawe, kazi safi. Yote aliyoyaogopa hayakutokea. Nadhani kama lingetokea angalau moja, Papa Kapita angepata pa kujiegemeza, angejiambia kwamba hakuwanyima bure.

Kiangazi hiki nilifika kwetu. Pikipiki iliniacha chini ya laveri, ambayo sasa imebaki nguzo, mabati yalikwenda na upepo mmoja baada ya mwingine na mbuzi wanalala kwenye masanduku ya kuoshea. Sakafu ya ofisi imeota majani. Hakuna anayesema tena kwamba Kampuni itarudi, na hakuna aliyetangaza kwamba haitarudi. Nilioga maji ya mtaro mbele ya nyumba ya mama, nikamwagia na maua yake, kwa makusudi, mengi.

Asubuhi yake nilimwona Papa Kapita akipita mlangoni. Sikumtambua mara moja kwa sababu hakuwa na kofia. Nywele zake ni nyeupe zote. Mkononi alibeba bidoni ya njano, yenye shingo iliyoyeyuka, na hakuelekea mferejini. Alielekea njia ya mteremko. Nilimkimbilia.

"Papa, jambo. Unaenda wapi na bidoni? Mayi iko hapa mulangoni."

Alinitazama muda, akanitambua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ile ni ya batu ya kampi," alisema. "Batumie tu. Mimi nakwenda kuchota kwenye yeye alikuwa anachota."

"Kila siku?"

"Siku yenye miguu inakubali."

Mama alikuwa ameniambia kwamba wamejaribu kumkataza, mchungaji, na vijana, na wanawake wenyewe, na kwamba huwa anasikiliza vizuri, anashukuru, halafu anashuka. Kwa hiyo sikubishana. Nilitaka kumpokea bidoni, akakataa. Tukasimama pale, yeye akiangalia njia inavyopotea kwenye majani.

"Weye ulikuwa unashuka naye," alisema mwishoni. "Alikuwa anapumuzikia wapi? Kule mu mufereji, kila jiwe najua. Huku sikushukaka naye hata siku moja."

Nilimtangulia. Tulishuka pole pole, nimemshika kiwiko. Msufi umekatwa, na jiwe nusura nilipite, limefunikwa na majani. Niliyang'oa kwa mikono mpaka likaonekana, bapa vilevile.

"Ni hapa, Papa."

"Bidoni alikuwa anaiweka upande gani?"

"Kushoto. Yeye alikaa kulia."

Aliiweka bidoni kushoto, akaisogeza kidogo hadi ikatulia. Upande wa kulia hakukaa. Aliuachia nafasi, akajishusha kwenye udongo kando ya jiwe, akihema, akakunja miguu. Alikaa hivyo akiangalia juu kule tulikotoka, paa za nyumba, na mstari wa kijani unaoonyesha mfereji ulipopita.

"Ni mbali," alisema.

Nilimjibu kwamba ndiyo, Papa, na hapa bado hatujafika nusu.